Kofia ya Pama na Udongo wa Boma

Minza mwanangu,

Salamu nitaziruka. Leo umesalimiwa na nusu ya Segese, na nusu iliyobaki itakuja kesho asubuhi kukutakia safari njema na kuchungulia sanduku lako lina nini. Mambo ya kufua nguo, kula kwa wakati na kutomfungulia mlango usiyemjua, mama yako amekwisha kuyasema mara tatu, na mara ya tatu aliyasema akilia, kwa hiyo sasa yamekuwa sheria. Huko sina la kuongeza.

Ninaandika saa nane mchana. Wewe umekwenda ng'ambo ya mbuga kumuaga shangazi yako, nami nimefunika cherehani yangu hapa barazani kwa Bwana Kanji. Nilimwambia sindano imevunjika. Akanitazama, akaitazama sindano, akasema, "Masanja, sindano nzima hii."

"Basi ni mimi niliyevunjika," nikamjibu.

Akaingia dukani bila kuuliza zaidi, akarudi na karatasi na kalamu, akaviweka juu ya cherehani kama mtu aliyevisahau. Mfanyabiashara mzuri anajua pa kukomea.

Unajua kwamba kusoma nilijifunza kwa magazeti yaliyofungia sukari. Ndiyo maana habari nyingi za dunia nazijua nusu. Najua vita vilianza, najua meli fulani ilipata shida baharini, lakini mwisho wake uliondoka na sukari ya mtu mwingine. Leo nataka kukumalizia habari ambayo wewe umeishi na nusu yake. Na hiyo nusu uliyonayo, mwanangu, ni ya uongo. Niliitunga mimi.

Juzi ulikuwa unapanga sanduku, nami nimekaa mlangoni nakutazama. Ukaitungua ile kofia ya pama kutoka kwenye nguzo, ukaipangusa vumbi kwa kiganja.

"Baba, hii naenda nayo. Nairudisha kwa mwenyewe."

Kisha ukanionyesha kitambaa alichokufungia Bibi, kina udongo wa bomani, pale ng'ombe wanapolala, pale walipozikwa wakubwa wetu wote isipokuwa mmoja. Ukasema, "Na huu nitaumwaga juu ya kaburi lake. Chini ya mvule wako."

"Mvule wangu?"

"Ule uliomzika chini yake. Si upo karibu na hospitali?"

Nikakwambia, "Ufunge vizuri usije ukamwagika." Ni hilo tu nililoweza kusema. Nilikuwa na siku nzima ya kusema jingine, na leo pia, na badala yake nimekuja hapa kuharibu karatasi za Mhindi.

Minza, hakuna mvule.

Unaniita Baba, nami naitika, ingawa wewe na mimi na kila mtu tunajua kwamba aliyekuzaa ni kaka yangu Mabula, na kwamba nilimrithi mama yako na wewe kama desturi ilivyotaka. Hilo halikufichwa. Kilichofichwa ni namna nilivyofika kwenye urithi huo.

Mimi na kaka tulifanya kazi mgodini Geita. Yeye alikuwa chini shimoni, mimi nilikuwa juu, kwenye kibanda cha mhunzi, nikinoa vyuma vya kutobolea miamba. Alipokuwa anapanda kutoka chini alikuwa anaimba, na watu walitoka nje kumsikiliza kana kwamba hawajawahi kumsikia jana. Mimi pale sikuwa na jina. "Mdogo wake Mabula, lete chuma." "Mdogo wake Mabula, ugali tayari." Siku ambayo hakuonekana waliniuliza yuko wapi, nikishajibu wakageuka wakaenda zao. Niliwahi kuposa msichana wa Kizinza pale Geita. Neno la kwanza aliloniuliza ni kama kaka yangu ana mke.

Sikumchukia. Nataka uliamini hilo hata kama hutaamini mengine. Blanketi lake zuri nililala nalo mimi. Nilipoungua mkono kwenye moto wa mhunzi alinilisha kwa kijiko majuma mawili, na hakunitania hata mara moja, na ungemjua kama mimi ungejua kutotania kulimgharimu. Ningependa angalau angekuwa mtu mbaya kidogo. Ningepumua.

Baadaye alichoka na shimo. Akavuka ziwa, akapata kazi ya kuchoma matofali Kampala. Wewe ulikuwa na miaka minane. Mwaka uliofuata ikaja barua iliyoandikwa kwa mkono wa mtu mwingine, nikaisoma mbele ya nyumba nzima: Mabula amelazwa kwa ugonjwa wa kifua, anaomba mdogo wake aje amchukue.

Bibi yako hakulia. Aliniambia, "Nenda ukamlete. Kama anaweza kutembea, tembea naye. Kama hawezi, mbebe."

"Na kama ame..."

"Nimesema mlete."

Kwa hiyo nilipanda garimoshi Isaka, kama wewe kesho, nikapanda meli Mwanza, kama wewe keshokutwa. Ziwa nakuachia ulione mwenyewe. Mimi nililiona kwa kifupi, muda mwingi nilikuwa nimeinamia ndoo.

Nilifika Kampala siku ya Jumanne, jua likiwa katikati. Hospitali ilikuwa juu ya kilima, ina lango la chuma na bawabu mwenye kaptula na rungu. Nami nikafanya kile ambacho ungefanya ukifika kwenye mji wa mtu usiyemjua. Huingii bomani ukipiga kelele kama mnada. Unakaa nje ya uzio wa minyaa, unatazama upande mwingine kama mtu asiye na shida, mpaka mwenye mji akuone, atoke, akuite. Na mahali penye mgonjwa ndiyo zaidi, hukimbilii kitanda chake na vumbi la njia miguuni. Nje ya lango, upande wa kushoto, palikuwa na ukuta mfupi wa mawe. Nikakaa hapo, nikaweka mzigo wangu kati ya miguu, nikatazama upande mwingine.

Nilitazama upande mwingine mpaka jua likaanza kushuka.

Mwishowe bawabu akanijia. "Ssebo," ndivyo huko wanavyomwita mwanamume yeyote, "wewe nauza nini?"

"Siuzi kitu."

"Nangoja kazi?"

"Hapana."

"Sasa nangoja nini?"

Kwetu mtu haulizwi hivyo. Nikamjibu kama ungemjibu mwenye mji yeyote wa huku: "Ninapita tu." Mwenye mji wa huku angesema, hapana, mgeni wangu, mtu hapiti bila neno, karibu. Ungekataa. Angerudia. Mara ya tatu ndipo ungesema shida yako, na maji ya kunywa yangekuwa yamekwisha kuletwa. Bawabu yule alikuwa mtu wa mara moja. Akawageukia akina mama waliokuwa wanauza ndizi, akawaambia, "Huyu mutu napita, lakini napita amekaa!" Wakacheka mpaka mmoja akajishika ubavu. Nikabeba mzigo wangu nikaondoka, masikio yakiwaka moto.

Hadi hapo, Minza, ni ushamba tu. Mtu anaweza kusamehewa ushamba. Kama ningeishia hapo ningekusimulia miaka kumi iliyopita, tukacheka wote.

Nililala kwenye mkeka wa Mhaya mmoja aliyekuwa anapangisha baraza lake. Jumatano asubuhi nikatoka kwenda hospitali. Nakuapia nilikuwa nakwenda hospitali. Njia ilipita sokoni.

Huo mji utauona kwa macho yako, na utakuwa umebadilika, lakini nikuambie ulivyonipokea. Una vilima, na kila kilima kina Mungu wake, hapa msikiti, pale kanisa, vinatazamana kama majirani waliogombana. Kijani chake kilinitia mashaka. Nilizoea nchi inayokuonyesha mifupa yake. Wanaume walipita kwa baiskeli wamevaa kanzu nyeupe, na kanzu hazikuingia kwenye mnyororo, sijui mpaka leo ni kwa uchawi gani. Mwanamke mmoja alipiga magoti barabarani mbele ya mzee, nikainama upesi kumsaidia kutafuta alichoangusha. Kumbe anasalimia. Mzee akanipokea na mimi salamu yangu kwa heshima kubwa, nami ilinibidi kuimaliza. Nilikula ndizi zilizopondwa zikafunikwa majani, laini, chakula cha mtu asiye na ugomvi na mtu. Nikajiambia si chakula hiki. Nikaomba sahani ya pili.

Kisha nikafika kwa muuza kofia. Kofia ya pama, ya kijivu, ina utepe mweusi. Niliishika tu. Akanivika mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono.

"Sasa hapa kuna bwana. Jina lako nani, bwana?"

"Masanja."

"Karibu Kampala, Bwana Masanja."

Kukaa hapa na kuliandika hilo kunaniaibisha kuliko yote yanayofuata. Mtu alitamka jina langu, akanyamaza. Hakuongeza la mtu mwingine. Alikuwa ananiuzia kofia, najua, angemwita hata mbuzi bwana. Lakini nilitoka pale nikitembea kwa namna ambayo sikuwahi kutembea Geita wala Segese. Nilitembea siku nzima. Niligeuka kila kona kwa sababu tu nilikuwa na shingo ya kugeuka. Jioni nikawa nimechoka, nikajiambia mgonjwa hasumbuliwi jioni.

Alhamisi nilijiambia yule bawabu atanicheka. Nikajiambia nguo zangu lazima zifuliwe kwanza. Nikajiambia kaka ni mtu wa watu, hospitali nzima sasa hivi imekaa kitandani kwake inamsikiliza akiimba, amenihitaji lini? Hilo la tatu ndilo lililonishinda. Nilipanda kilima cha msikiti, nikashuka, nikapanda kilima cha kanisa. Niliutazama mji wote kutoka juu. Niliiona hata hospitali. Ilionekana ndogo na safi, na nikasema, ile pale, kesho.

Ijumaa nilikwenda. Nilikuwa nimevaa kofia. Bawabu ni yule yule, hakunikumbuka. Aligonga visigino, akafungua lango, akasema, "Pita, bwana."

Ndani nikamkuta nesi, msichana wa Kiganda, umri kama wako sasa. Nikamtajia jina la kaka yangu. Akaweka chini alichokuwa ameshika.

"Wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake."

"Masanja?"

Nikaitika. Akaniuliza, "Umefika leo?"

"Leo hii," nikasema. Huo ndio uongo wa kwanza. Mingine yote ilizaliwa nao tumbo moja.

"Pole, ssebo. Ametutoka jana saa sita mchana. Jioni akazikwa. Maiti asiye na ndugu haruhusiwi kulala hapa."

Kisha akanisimulia bila mimi kumuuliza. Nadhani alifikiri ananifariji. Jumanne homa ilikuwa imemlaza, hakujua yuko wapi. Jumatano aliamka akili zake zote zimerudi, na jambo la kwanza akamwita huyu nesi. Akamwambia hivi, nami nimelihifadhi kama alivyolileta: "Dada, nenda langoni ukanitazamie. Watu wa kwetu hawaingii, wanakaa nje mpaka waitwe. Utamkuta anatazama upande mwingine kama hana shida. Usimuulize anataka nini, hatakuambia. Mwite kwa jina. Sema, Masanja, unaitwa ndani."

Nesi akaenda. Hakuona mtu. Mchana akatumwa tena, akaenda, hakuona mtu. Alhamisi asubuhi akatumwa mara ya tatu, na safari hiyo akaamua kumuuliza bawabu. Bawabu akasema Jumanne alikuwapo mmoja pale ukutani, mgeni, lakini alisema anapita tu.

"Nilipomwambia hivyo alicheka," nesi akasema. "Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, ndiye huyo. Atarudi. Endelea kutazama."

Nilikuwa juu ya kilima cha kanisa saa hiyo, Minza. Nikiutazama mji.

Sitakueleza nilisikia nini, kwa sababu sina neno lake, na nikilipata nitaanza kulipamba. Nilikwenda makaburini. Kulikuwa na mtu mmoja mwenye jembe, akanielekeza kwa kidevu. "Za jana ni zile." Zilikuwa tano, labda sita. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na vichuguu vya udongo vilikuwa vimeanza kuingiana.

"Ipi?"

"Ssebo, mimi nachimba tu."

Pale hapakuwa na mti wowote. Kulikuwa na majani marefu na ua wa waya. Nikavua kofia nikasimama. Mvua ikaanza tena, nikaivaa.

Nilipofika nyumbani Bibi alikuwa amekaa nje ya uzio wa minyaa, yeye mwenye mji, kama mgeni. Akaniuliza, "Umemleta?" Na mimi nikafungua mdomo, nikasimulia. Nilimkuta hai. Nilimshika mkono siku tatu. Nilimchimbia kaburi kwa mikono yangu chini ya mvule, kivuli kizuri, asubuhi kinaangukia miguuni. Mvule ulikuja wenyewe, sikuutafuta. Bibi akaitazama kofia. "Hiyo ni yake?" Nikasema ndiyo. Hicho ndicho kitu pekee ambacho kaka yangu amewahi kuninyang'anya, na ilibidi afe kwanza.

Kuna jingine, na hili nalo lazima nikupokonye. Nilisema kwamba neno lake la mwisho lilikuwa, "Minza asome." Kwa neno hilo Bibi alikubali uende shule, wakati mabinti wote wa rika lako walikuwa wanahesabiwa ng'ombe. Kwa neno hilo kesho unakwenda kusomea unesi. Yeye hakulisema. Huenda angelisema, alikuwa mtu wa kusema vitu vizuri, lakini nilichokisikia kwa nesi ni habari ya langoni tu. "Minza asome" ni langu. Nililiwaza kwenye meli, kichwa kikiwa ndani ya ndoo. Nilijua nikilisema kwa jina langu hakuna atakayegeuza kichwa. Kwa hiyo nikampa yeye. Umelishukuru kaburi miaka kumi, na mimi nimekaa hapa nikishona mifuko ya suruali za watu.

Sasa unakwenda kwenye mji ule ule, na utakuwa na siku zako za kwanza. Utafika na utapotea na utaona mambo, na kuna asubuhi utaamka ukagundua kwamba hakuna mtu mji mzima anayejua wewe ni binti wa nani. Ni tamu sana. Mimi si mtu wa kukuambia usiionje. Nakuambia tu kwamba mimi niliionja nikiwa natazamiwa langoni.

Barua hii nitaitia ndani ya kofia, chini ya utepe wa ndani, na kofia nitairudisha sandukuni kama ulivyoiweka. Nimepiga hesabu zangu: jua la ziwani litakulazimu uivae. Utaiona ukiwa katikati ya ziwa, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kunitemea mate. Ndiyo, ni woga. Nimekuwa nao muda mrefu, siwezi kuuacha kwa mchana mmoja.

Kofia fanya utakavyo. Itupe majini, au iuze, au ivae. Mvua inazuia, hilo naweza kulishuhudia. Bibi nitamwambia mwenyewe kesho, garimoshi likishaondoka Isaka. Nimekuwa nikisema "kesho" tangu siku ile juu ya kilima, lakini safari hii nimeiandika, na wewe utaandika kuniuliza.

Udongo wa boma usiutafutie kaburi. Utazunguka bure, na yule mwenye jembe, kama bado yupo, anachimba tu. Uchukue uende nao mpaka lile lango la hospitali. Upande wa kushoto, kama hawajaubomoa, kuna ukuta mfupi wa mawe. Umwage hapo chini. Kampala nzima, hapo ndipo mahali pekee ninapojua kwa hakika kwamba kaka yangu alinitafuta.

Na wewe ukishakuwa nesi, ukishapewa nguo zako nyeupe na zamu yako, kila asubuhi kabla hujawagusa wagonjwa toka kidogo nje ya lango utazame. Ukimkuta mtu amekaa, mzigo kati ya miguu, anatazama upande mwingine kama hana shida, usimuulize anataka nini. Atakuambia anapita tu. Mwite ndani. Akikataa mwite tena, na akikataa tena mwite mara ya tatu. Asipokuwapo leo, kesho toka tena utazame.

Ni mimi,
Masanja, niliyekaa langoni siku moja tu.